Sura ya Tano: Bingwa Akishapita Enzi Zake

Mabishano kuhusu mabingwa wa ngumi za uzito wa juu huharibika mapema, kabla hata jina la pili halijatajwa, kwa sababu kila mbishi huja na mkanda wa filamu anaoupenda. Anayemtetea Mike Tyson huleta ule wa Juni 1988, Michael Spinks alipolala chini baada ya sekunde 91. Anayempinga huleta ule wa Tokyo, Februari 1990, Tyson akiwa amepiga magoti anapapasa sakafuni kutafuta kinga yake ya meno huku refa akimhesabia. Ni mtu mmoja, na kati ya filamu hizo mbili hakuna hata miaka miwili. Ukimuuliza mbishi anamzungumzia Tyson yupi, atakwambia Tyson ni Tyson. Hapo ndipo hoja inapokufa. Ninachosema katika sura hii ni kwamba bingwa hapimwi mpaka tujue mwili wake ulikuwa umefika wapi usiku alipopigana, na mwili wa mpinzani wake nao ulikuwa wapi. Tukishalifanya hilo kwa uaminifu, tutaona kwamba mapambano yanayotueleza mengi zaidi juu ya bingwa si yale ya ujana wake yanayong'aa. Ni yale aliyopigana mwili ulipokwisha kuanza kumtoroka, mbele ya mtu aliyekuwa bado amejaa.

Kwanza tuachane na kosa la kuhesabu umri kwa miaka. Juni 2002, pale Memphis, Lennox Lewis alimwangusha Tyson katika raundi ya nane, na watu wengi walisema Lewis kampiga mzee. Lakini Lewis alizaliwa Septemba 1965 na Tyson Juni 1966; mzee alikuwa Lewis. Kilichowatofautisha ni kile ambacho kila mmoja alikitegemea. Lewis alipigana kwa urefu wake, kwa ngumi ya kushoto iliyonyooka na kwa subira, na vitu hivyo vinadumu. Tyson alipigana kwa kuingia ndani: kichwa kikicheza kulia na kushoto, magoti yamekunjwa, makonde matatu manne yakitoka kwa mkupuo mmoja kabla mwenzake hajarudisha. Mtindo huo unadai mazoezi ya kila siku, na unadai mtu wa kuusimamia. Cus D'Amato, aliyemlea, alifariki Novemba 1985. Kevin Rooney, aliyeendelea na mafunzo yale, alifukuzwa kabla mwaka 1988 haujaisha. Kwa hiyo Tyson aliyeanguka Tokyo, kijana wa miaka 23, alikuwa ameshaanza kupita enzi zake. Joe Frazier naye yalimkuta hayo. Machi 1971, akiwa na miaka 27, alimwangusha Muhammad Ali kwa konde la kushoto katika raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi. Januari 1973, huko Kingston, Jamaica, George Foreman alimwangusha yeye mara sita katika raundi mbili. Frazier alizoea kupokea matatu ili apate nafasi ya kutoa moja, na mwili unaotumika hivyo hutoza deni lake mapema. Upande wa pili yupo Wladimir Klitschko, aliyeangushwa na Corrie Sanders mwaka 2003 na Lamon Brewster mwaka 2004 akiwa bado kijana, kisha, baada ya kufinyangwa upya na kocha Emanuel Steward, akatawala kuanzia 2006 hadi 2015. Enzi zake zilianza umri ambao za Tyson zilikuwa zimekwisha.

Kila bingwa, basi, ni mkusanyiko wa vitu ambavyo haviondoki kwa pamoja. Miguu hutangulia. Baada ya miguu hufuata ule upesi wa jicho na mkono, nafasi ndogo kati ya kuliona konde na kulikwepa. Pumzi hupungua, ingawa anayejitunza anaweza kuibakiza. Uzito wa konde hubaki muda mrefu sana, na akili ya ulingoni ndiyo pekee inayoongezeka. Bingwa aliyeijenga nyumba yake juu ya kile kinachotangulia kuondoka atazeeka mapema. Aliyeijenga juu ya kile kinachobaki atakuwapo hata mvi zikiota.

Tuchukue mfano ambao wapenzi wa ngumi huuheshimu kuliko yote. Novemba 14, 1966, katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Ali alimpiga Cleveland Williams kwa namna ambayo wengi wanaamini haijapata kuonekana tena katika uzito wa juu. Alikuwa na miaka 24. Anazunguka ulingo kana kwamba hana kilo zaidi ya 90, anapiga huku akirudi nyuma, anachezesha miguu ile ya madoido, na Williams anaanguka mara tatu katika raundi ya pili na mara nyingine katika ya tatu kabla refa hajaingilia. Ni filamu nzuri mno. Lakini mtazame anayepigwa. Miaka miwili kabla, Williams alipigwa risasi na askari wa barabarani huko Texas. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akapoteza figo moja, na risasi ilibaki mwilini mwake. Aliyekuwa miongoni mwa wapigaji wazito wa kizazi chake alipanda ulingoni Houston akiwa na miaka 33 na nusu ya mwili. Hivyo usiku unaotajwa kuwa bora kuliko zote wa Ali unatuthibitishia kwamba alikuwa mwepesi na mzuri wa kutazama. Juu ya jinsi ambavyo angefanya mbele ya mtu mzima aliyejaa, unasema machache sana. Ndivyo ilivyo kwa nyingi za filamu hizi za kung'aa. Spinks yule wa sekunde 91 alikuwa hajawahi kushindwa, kweli, ila alikulia uzito wa chini na mapambano yake ya uzito wa juu yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kisha Ali akaondolewa ulingoni. Machi 1967 alimwangusha Zora Folley. Mwezi uliofuata akakataa kuingia jeshini, akanyang'anywa ubingwa na leseni, na hakupigana tena mpaka Oktoba 1970 alipokutana na Jerry Quarry mjini Atlanta. Aliondoka na miaka 25, akarudi na 28. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake Juni 1971, lakini hakuna mahakama inayoweza kumrudishia mtu miguu. Aliyerudi alikuwa mzito zaidi, alisimama pale alipokuwa akizunguka, na alipigwa na makonde ambayo zamani yangepita hewani. Rekodi yenyewe inashuhudia: kabla ya kufungiwa alipigana mara 29 bila kupoteza, na vipigo vyake vyote vitano vilikuja baadaye. Hata hivyo, yote tunayomkumbukia Ali kama mpiganaji mkubwa yalifanywa na huyu wa pili, ambaye sehemu bora ya mwili wake ilikuwa imeliwa na mahakama na wanasiasa.

Kinshasa ndipo pa kutazama kwa makini. Ilikuwa alfajiri ya Oktoba 30, 1974. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40 bila kushindwa, 37 kati yake yakiisha kabla ya kengele ya mwisho. Frazier na Ken Norton, mabondia wawili pekee waliokuwa wamemshinda Ali, kila mmoja Foreman alimmaliza katika raundi mbili. Ali alikuwa na miaka 32. Watu hukumbuka kamba za ulingo, kwamba aliegemea akamwacha kijana ajichoshe, lakini raundi ya kwanza ina fundisho kubwa zaidi. Ali aliifungua kwa mkono wa kulia, tena bila kutanguliza wa kushoto. Bondia anayejiheshimu hafanyi hivyo mbele ya mpigaji mzito, maana konde la kulia linasafiri mbali na linamwacha mwenyewe wazi. Ndiyo maana Foreman hakulitarajia, na likamfikia usoni tena na tena. Mwisho wa raundi hiyo Ali alikuwa amekwisha kujua mambo mawili: kwamba Foreman anapigika, na kwamba miguu yake mwenyewe haitamudu kukimbia raundi 15 kwenye ulingo mzito na joto la Kongo. Kuanzia raundi ya pili akaenda kwenye kamba kwa kuchagua, akainua mikono, akavuta kichwa nyuma, akayapokea makonde mabegani na mbavuni, na kila raundi ilipokaribia kwisha akarudisha yake, ya haraka na ya usoni. Raundi ya nane, sekunde chache kabla ya kengele, aliruka kutoka kwenye kamba akapiga mfululizo, wa mwisho ukiwa wa kulia. Foreman alipokuwa akizunguka kuelekea chini, Ali alikuwa na konde jingine mkononi. Hakulirusha.

Wapo wanaosema Foreman ndiye aliyejishinda: alikuwa mjinga wa kugawa pumzi, kamba zililegea, hali ya hewa ilimwonea. Yapo ya kweli humo. Lakini wote wawili walipigana katika joto lile, na kamba zile zingekuwa kaburi la bondia mwingine yeyote wa wakati huo. Foreman hakujua kugawa pumzi kwa sababu hakuna aliyewahi kumfikisha mahali pa kuhitaji kuzigawa. Kulitambua hilo, kisha kuuweka mwili wako wa miaka 32 kati yako na ngumi zile ili ulitumie, ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika mchezo huu. Ali wa 1966 hangehitaji kuifanya, na kwa hiyo hatujui kama angeiweza. Huyu wa 1974 aliifanya mbele ya dunia nzima.

Kipimo hichohicho hukata upande wa pili. Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam kama mjumbe wa Rais Carter, kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na Tanzania ilikwenda Moscow. Bondia aliyeshuka kwenye ndege ile alikuwa mstaafu wa miaka 38. Oktoba mwaka huohuo, huko Las Vegas, alipanda ulingoni kupigana na Larry Holmes, bingwa wa miaka 30 ambaye miaka ya mwanzo ya sabini alikuwa mwajiriwa wake wa mazoezini. Alikuwa amepunguza uzito na kuzifunika mvi, na waliomwona kwa mbali walidhani amerudi wa zamani. Hakuwa na kitu. Daktari wake wa miaka mingi, Ferdie Pacheco, alikuwa ameshajitenga naye baada ya pambano la Earnie Shavers la 1977, akiona figo zinaharibika. Majaji wote watatu walimpa Holmes kila raundi, na baada ya ya kumi Angelo Dundee akakataa kumruhusu Ali anyanyuke kwenye kiti. Holmes mwenyewe katikati ya pambano alikuwa akimtazama refa amalize. Ushindi huo haumwongezei Holmes hata chembe, wala haumpunguzii Ali kama bondia. Unawapunguzia heshima waliouandaa, ambao walikuwa na taarifa za madaktari mezani na bado wakauza tiketi. Miaka minne baadaye Ali aligundulika na ugonjwa wa Parkinson. Mambo haya huniuma kuyaandika, na sioni sababu ya kuyapamba.

Historia imejaa ushindi wa aina hiyo. Jack Johnson alimpiga James Jeffries mjini Reno Julai 4, 1910, na maana yake kwa watu weusi wa Marekani ilikuwa kubwa kuliko ngumi. Kwa hesabu ya ngumi tu, Jeffries alikuwa amestaafu tangu 1905, yuko shambani kwake California, na alilazimika kupunguza mzigo mkubwa wa mafuta ili aweze kupanda ulingoni. Anayetaka kujua ubora wa Johnson atazame kwingine. Oktoba 1951 Rocky Marciano alimtupa Joe Louis nje ya kamba katika raundi ya nane pale Madison Square Garden. Louis alikuwa na miaka 37. Alikuwa ametawala tangu 1937 hadi 1949 na kuutetea ubingwa mara 25, kisha akarudi ulingoni kwa sababu serikali ilimdai kodi. Marciano alilia usiku ule, na alikuwa na haki ya kulia.

Na hapa hujitokeza pingamizi lenye nguvu kuliko yote. Marciano hakushindwa kabisa, mapambano 49, akastaafu mwaka 1956 akiwa na miaka 32. Je, kwa kipimo changu ataadhibiwa kwa kuwa na busara ya kuondoka mapema? Hapana, na kama kipimo kingefanya hivyo kingekuwa kipimo kibaya. Kuondoka na akili timamu ni ushindi ambao Louis na Ali hawakuupata. Lakini busara ya maisha ni jambo moja na ushahidi wa ulingoni ni jingine, na Marciano hakutuachia ushahidi wa nini angefanya pumzi zake, ambazo ndizo zilizokuwa silaha yake kubwa, zikianza kupungua. Pia si haki kusema, kama wengi wasemavyo, kwamba alipiga wazee watupu. Jersey Joe Walcott alikuwa na miaka 38 walipokutana Philadelphia Septemba 1952, lakini Walcott ni miongoni mwa wale waliochelewa kuiva. Ubingwa aliupata akiwa na 37. Alimwangusha Marciano raundi ya kwanza, akawa anaongoza kwenye karatasi za majaji wote mpaka raundi ya 13, ndipo konde fupi la kulia lilipomlaza. Miaka 38 ya Walcott ilikuwa na uzito kuliko 37 ya Louis. Ushindi ule uhesabiwe wote.

Holmes naye anahitaji kuhesabiwa upya, maana ameonewa pande zote mbili. Januari 1988 Tyson alimsimamisha katika raundi ya nne. Holmes alikuwa na miaka 38, hajapigana kwa karibu miaka miwili, na kipigo hicho ndicho pekee alichomalizwa kabla ya muda katika mapambano 75. Wanaomtukuza Tyson hukitaja kama uthibitisho. Wengine hukifuta kabisa wakisema mzee alikuwa ameisha. Lakini Februari 1992, akiwa na miaka 42, huyohuyo aliyeisha alimshinda kwa pointi Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki wa 1988 ambaye hakuwa amewahi kupoteza, tena alimfundisha kutoka kwenye kona, mgongo kwenye kamba, kwa ngumi ya kushoto iliyonyooka. Miezi minne baadaye alimaliza raundi 12 na Evander Holyfield, bingwa wa dunia. Kwa hiyo Tyson wa 1988 apewe sifa kamili: alimwangusha mtu ambaye hakuna mwingine aliyemmaliza, kabla wala baada. Na Holmes apewe yake. Bondia mwenye kitu kimoja tu hawezi kumshinda Mercer akiwa na miaka 42.

Foreman ndiye mfano ambao wapinzani wa hoja hii huukimbilia, wakisema ni bahati ya konde moja. Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, alivaa bukta nyekundu ileile ya Kinshasa akapambana na Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 asiyewahi kushindwa, na kwenye kona ya Foreman alikuwa ameketi Angelo Dundee, aliyekuwa kona ya Ali miaka 20 nyuma. Kwa raundi tisa alipigwa. Majaji wawili walimweka nyuma kwa pointi tano, wa tatu kwa moja. Lakini ukiitazama filamu bila kujali pointi, utaona Foreman hakuwahi kurudi nyuma kwa hofu. Alikuwa akimsogelea kijana hatua kwa hatua, akimzoesha ngumi ya kushoto isiyo na nguvu nyingi, mpaka Moorer akaacha kuiogopa na kubaki amesimama mbele yake. Raundi ya kumi ilitoka tena ile ya kushoto, na nyuma yake ya kulia, fupi, haikusafiri hata urefu wa mkono mzima, ikatua kidevuni. Moorer alilala chali refa Joe Cortez akamaliza hesabu. Foreman wa 1974 hangeweza kusubiri raundi kumi. Kinshasa ilimfundisha, na kilichobaki mwilini mwake, uzito wa konde, ndicho hasa kinachobaki cha mwisho.

Mwisho atanijia yule anayesema kipimo cha haki ni kimoja tu: mchukue kila bingwa katika usiku wake bora, waweke ulingoni, uone. Walishajaribu. Mwaka 1969 mtayarishaji Murray Woroner aliwalipa Marciano na Ali wapigane mbele ya kamera, kisha akasema kompyuta ndiyo itakayoamua mwisho. Marciano alikuwa na miaka 45, amevaa nywele za bandia. Ali alikuwa amefungiwa, na tumbo limeanza kujitokeza. Filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, Marciano akimshinda Ali katika raundi ya 13, Marciano mwenyewe alikuwa ameshafariki kwa ajali ya ndege mwezi Agosti uliotangulia. Kompyuta ilitumia takwimu za kilele, na miili iliyozionyesha haikuwa kileleni. Usiku bora wa bondia haujulikani mpaka uujue usiku huo ulikuwa dhidi ya nani, na ukishaanza kuuliza hivyo umerudi kwenye kipimo hiki.

Kwa kipimo hiki Ali anabaki wa kwanza, kwa sababu ya Kinshasa na ya pambano lake na Frazier huko Manila mwaka uliofuata, wala si kwa sababu ya Houston. Louis anamfuata kwa ile miaka 12. Holmes anastahili kusimama juu ya Tyson, ingawa Tyson alimwangusha. Na Novemba 2024, huko Texas, Tyson wa miaka 58 aliruhusiwa kupigana na Jake Paul wa miaka 27, na matokeo yakaandikwa kwenye rekodi yake rasmi kuwa kipigo cha saba. Anayemhesabia Tyson ahesabu sita.